Swala wa Saanane na Uso wa Maiti

Boti ya kutoka Capri Point kwenda Saanane haichelewi. Ukishakaa na kufunga jaketi la kuokolea, unaambiwa ujiandae kushuka. Muda huo mfupi ulimtosha mpwa wangu kuichekesha boti nzima.

"Jamani, mnajua kisiwa hiki kimewahi kupigwa bomu? Amin alituma ndege ije kulipua matenki ya mafuta Mwanza. Ikakosa. Ikaua swala!"

Akasimama, akavimbisha kifua, akajipapasa medali za kufikirika kuanzia mabegani mpaka magotini, akaikoroga sauti ikawa nzito. "Mimi, Mshindi wa Dola ya Uingereza, nimewashinda swala wote wa Nyerere!"

Watu walicheka mpaka nahodha akamwambia akae chini, boti inayumba. Mama mmoja alikuwa anafuta machozi kwa pindo la khanga. Nami nilicheka, maana kijana ana kipaji.

Jioni ya siku hiyohiyo nikafungua simu, nikakuta ameweka picha WhatsApp. Ni ile picha maarufu ya mwaka 1975: Idi Amin kaketi kwenye kiti, Waingereza wamembeba mabegani, mwenyewe anatabasamu. Chini yake mpwa wangu kaandika: "Huyu ndiye mwanaume. Afrika ingepata watano tu wa hivi."

Asubuhi kikaragosi, jioni shujaa.

Mtu yuleyule, siku ileile.

Nilidhani nitalisahau. Sikulisahau. Kila nikishuka Kamanga kungoja kivuko, kila nikikiona kile kisiwa pembeni, linarudi: mtu anawezaje kumcheka dikteta mchana na kumwomba arudi usiku, bila hata kuona kwamba amegeuka?

## Ndege haikuwa yake

Kwanza tuweke sawa jambo moja, kwa sababu Mwanza tunalisimulia vibaya. Ndege iliyoangusha mabomu Saanane haikuwa ya Amin. Ilikuwa Tupolev ya Libya. Machi 1979, katika vita vya Kagera dhidi ya Amin, mtawala wa Uganda, majeshi yetu yakiwa yanaisogelea Kampala, Gaddafi alimpa Nyerere saa 24 awe amewaondoa askari wake Uganda. Nyerere akalitangaza tishio lenyewe redioni, na vita vikaendelea. Ndege ikaja kutafuta akiba ya mafuta ya Mwanza, ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa ambacho tangu 1964 kilikuwa bustani ya wanyama. Wakafa wanyama kadhaa, swala wakiwemo.

Kwa hiyo hata kichekesho chenyewe kimekosa shabaha. Tunamcheka Amin kwa kosa la rubani wa Gaddafi.

Lakini naelewa kwa nini tunakipenda. Ndicho kichekesho cha vita tulichonacho sisi wa upande huu wa ziwa. Bukoba walipigwa kutoka angani Oktoba 1978. Mwisho wa mwezi huohuo askari wa Amin wakaingia, wakachukua ardhi yote kati ya mpaka na Mto Kagera, Amin akatangaza kwamba hiyo sasa ni Uganda, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Raia waliouawa upande ule hutajwa kuwa takriban 1,500. Mifugo ilipelekwa kwa makundi, kiwanda cha sukari kikaporwa, nyumba zikavuliwa mabati.

Hayo hayachekeshi boti.

Swala anachekesha. Swala hana ndugu wa kukukatizia maneno.

## Picha kutoka Berlin

Usiku mmoja nikaanza kutafuta jinsi watu wa zamani walivyowacheka majemadari wao baada ya kuanguka. Nikakutana na picha ambayo sasa siwezi kuitoa kichwani.

Ilichapwa mwishoni mwa 1813, baada ya Napoleon kupigwa Leipzig mwezi Oktoba. Ndugu wachoraji wa familia ya Henschel, wa Berlin, walikuwa na toleo lao, Johann Michael Voltz wa kusini mwa Ujerumani akawa na lake, na matoleo mengine yakauzwa kama salamu za mwaka mpya wa 1814. Baadaye Rudolph Ackermann akaitoa London, na nchi nyingine za Ulaya zikainakili. Zilikuwa picha za kuchora kwenye bamba la shaba, zinapigwa chapa kwenye karatasi, halafu rangi inapakwa kwa mkono nakala moja baada ya nyingine.

Ukiitazama kwa mbali ni picha ya heshima. Napoleon yuko upande, kofia kichwani, kola nyekundu, nishani kifuani. Ungeweza kuitundika ofisini.

Isogeze karibu.

Uso ni maiti. Si kwamba amechorwa amepauka kama maiti, hapana. Shavu, pua, kidevu, vyote ni miili ya watu iliyokunjwa na kulaliana. Kofia si kofia, ni tai wa Prussia, dola ya Wajerumani wa Berlin, aliyemkamata kwa kucha na hamwachii. Kola ni mto wa damu. Koti ni kipande cha ramani ya Ujerumani, na majina yaliyoandikwa juu yake ni ya mahali alikoshindwa vita. Nishani ni utando wa buibui, na begani, mahali pa kile kipande cha cheo, kuna mkono wa Mungu unaouchana utando huo. Buibui mwenyewe amekaa pale ambapo, kwa maneno yaliyochapwa chini ya picha, moyo ulipaswa kuwa.

Maneno hayo ya chini ndiyo yaliyonifanya nikae sawasawa. Waliochapa hawakuachia mtazamaji akisie. Wanaeleza kofia ni nini, uso ni nini, kola ni nini, kama mtu anayesoma hati ya mashtaka mahakamani. Kuhusu uso wanasema hizi ni maiti chache tu kati ya mamia ya maelfu waliotolewa kafara kwa ajili ya sifa zake.

Hakuna utani juu ya kimo. Hakuna tumbo. Hakuna lafudhi.

Kuna ramani.

## Yule mfupi

Sasa linganisha na kile ambacho wengi wetu tunakijua kuhusu Napoleon. Muulize mwanafunzi yeyote wa sekondari hapa Nyamagana, au muulize mwalimu wake. Atakwambia: alikuwa mfupi.

Hakuwa mfupi. Kimo chake kilikaribia sentimita 168 hadi 170, kimo cha kawaida kabisa kwa Mfaransa wa wakati ule. Ufupi huo ulitengenezwa dukani. James Gillray, mchora vibonzo wa London, aliishi juu ya duka la mwanamama Hannah Humphrey, mtaa wa St James's, na kuanzia mwaka 1803 alimchora Napoleon kama kijitoto chenye kofia kubwa kuliko kichwa, kinachopiga mateke samani kwa hasira. Watu walijazana dirishani kutazama. Gillray alifariki tarehe 1 Juni 1815, siku chache kabla ya Waterloo, kwa hiyo kuanguka kwa mwisho hakukuona. Kijitoto chake kimeishi miaka zaidi ya 200.

Napenda vibonzo vya Gillray, sitadanganya. Kwa mkono, kwa mistari, kwa ucheshi, anawazidi mbali wale wa Berlin. Ila jiulize kibonzo kile kinakuachia nini ukishamaliza kucheka. Kinakuachia mtoto mwenye hasira. Nani anamshtaki mtoto mwenye hasira?

Ule uso wa maiti haukuachii nafasi hiyo.

Kwa siku kadhaa nilikuwa nimeridhika hapo. Nikaona nimeshapata jibu: kuna kejeli ya mwili na kuna kejeli ya matendo. Ya kwanza inamfanya dikteta kikaragosi, na kikaragosi anasameheka. Mpwa wangu alicheka medali na sauti nzito. Hakucheka hata tendo moja la Amin. Ndiyo maana jioni hakuwa na cha kumzuia kumsifia.

Nilitaka kuandika hivyo na kulala.

## Nani hayupo usoni

Halafu nikairudia ile picha ya Berlin, nikaanza kuhesabu kwa upande mwingine.

Mwaka 1802 Napoleon alirudisha utumwa katika makoloni ya Ufaransa. Mwaka huohuo jeshi lake lilikuwa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa huko Karibiani, likiongozwa na shemeji yake Leclerc, kuwarudisha chini ya amri watu weusi waliokwisha kujikomboa. Toussaint Louverture alikamatwa, akapelekwa Ufaransa, akafia katika ngome ya Joux Aprili 1803, mahali pa baridi kali. Waliobaki wakapigana mpaka wakashinda, na tarehe 1 Januari 1804 wakatangaza nchi yao, Haiti.

Koti la Berlin ni ramani ya Ujerumani. Mahali alikoshindwa na watu weusi, miaka karibu kumi kabla ya Leipzig, hapamo. Maiti zao hazimo shavuni.

Kwa hiyo hata hati ya mashtaka ina walioachwa nje. Mchoraji alijaza uso kwa wafu wa kwao, tena ni uchi, hawana majina, wametumika kama rangi. Wakati mwingine nikiitazama naona kwamba hata hapo Napoleon ndiye aliyebaki mkubwa. Maiti zinajibana ili pua yake itokee vizuri.

Na kuna suala la ujasiri. Askari wa Kifaransa waliondoka Berlin mapema 1813. Mwishoni mwa mwaka huo mtu yeyote angeweza kuuza picha ya kumkejeli, na biashara ikaenda. Kumcheka simba aliyekwisha kufungwa, hata mbuzi anaweza.

Sisi Watanzania nasi tujitazame. Kumcheka Amin kwetu hakukuwahi kuwa na hatari. Alikuwa ng'ambo, serikali yetu ilimwita nduli, na kumkejeli kulikuwa uzalendo. Kampala hali ilikuwa nyingine. Byron Kawadwa, mwandishi wa tamthilia na mkuu wa Jumba la Taifa la Maigizo la Uganda, alikamatwa na kuuawa mwaka 1977 na watu wa Amin. Yeye jukwaa lilimgharimu. Mpwa wangu aliambiwa tu akae chini.

## Picha ile aliipiga yeye

Lililonigeuza kabisa ni ile picha ya kiti.

Nilikuwa naichukulia kama kumbukumbu ya kawaida ya gazeti. Lakini itazame kama unavyoitazama ya Berlin. Mwafrika juu, Wazungu chini wanabeba. Wakoloni walibebwa na babu zetu kwenye machela miaka nenda rudi, leo kibao kimegeuzwa. Huo ni utani, tena mkali, na mtunzi wake ni Amin mwenyewe. Aliupanga, akaukalia, akahakikisha wapiga picha wapo.

Yule mtu alijua kucheza na kicheko kuliko sisi. Vita vikiwa vimeanza, alimwalika Nyerere wapigane ngumi ulingoni ili askari wasife, na Muhammad Ali awe refa. Dunia ikacheka. Huku Kagera watu walikuwa wanavuka mto usiku wakiwa na watoto migongoni. Ukicheka hilo la ngumi, umeangalia alikotaka uangalie.

Waingereza nao wakamsaidia. Jarida lao la vichekesho, Punch, lilikuwa na safu ndefu iliyojifanya imeandikwa na Amin, kwa Kiingereza kilichovunjwavunjwa makusudi, na wasomaji wa London walikuwa wanavunjika mbavu. Walikuwa wanacheka nini? Mwafrika anayesema Kiingereza vibaya. Waliouawa Uganda chini ya utawala wake wanakisiwa kuwa mamia ya maelfu, na bado kilichochekesha ni sarufi.

Hapo ndipo nilipomwelewa mpwa wangu, bila kukubaliana naye. Amezaliwa miaka mingi baada ya vita. Anachokikuta mtandaoni ni Amin wa aina mbili: yule anayechekwa na Wazungu kwa Kiingereza chake, na yule aliyebebwa na Wazungu. Ukiwa kijana wa Kiafrika na hizo ndizo picha zako mbili, bila shaka utaona ya pili inalipiza kisasi cha ya kwanza. Wahindi waliofukuzwa Uganda 1972 wanaongezwa hapo kama sifa, watu wanapiga makofi.

Hakuna picha ya tatu. Hakuna koti lenye ramani.

Napoleon naye alirudi kwa mlango huohuo. Alikaa Saint Helena, kisiwa alikofungwa, akasimulia habari zake kwa waliokuwa naye, akafa Mei 1821. Simulizi zikachapwa, kizazi kipya kikazisoma. Mwaka 1840 Wafaransa wakamrudisha mwili wake Paris kwa maandamano makubwa, na leo amelala Les Invalides ndani ya jeneza la jiwe, watalii wanapanga foleni. Uso wa maiti uko kwenye makabati ya makumbusho. Hakuna aliyesamehewa kwa kusikilizwa kwa kesi. Walichoka tu kucheka, na mtu ukishachoka kumcheka, kama hujui alichokufanyia, unaanza kumkumbuka kwa wema.

Amin hakufikishwa mahakamani. Alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, akafariki Jeddah Agosti 2003, kitandani, hospitali.

## Nikaenda kwa Shangazi

Shangazi yangu, ambaye kwa mpwa wangu ni bibi, alikuwa msichana Kyaka mwaka 1978. Sasa anaishi kwa mwanawe, Nyegezi. Nilitarajia nikimtajia Amin atanyamaza, kama wazee wanavyonyamaza kwenye filamu.

Alicheka kuliko boti nzima.

Akanisimulia kuhusu askari aliyebeba mlango wa nyumba yao kichwani, na kila akipita kwenye migomba mlango unakwama, anarudi nyuma, anajaribu upande mwingine. Wao wamejificha wanamtazama. Baba yake, akiwa amelala chini kwenye majani, akanong'ona: "Mjinga huyu, si aufungue kwanza?" Shangazi alipofika hapo ilibidi asubiri apumue. Kisha akaendelea na habari ya mwingine aliyeondoka na godoro huku anafukuza ng'ombe, godoro linamfunika macho, ng'ombe wanaenda wanakotaka.

Kwenye kicheko chake Amin hayumo hata kidogo. Yumo askari, mlango, migomba, baba. Nilipojaribu kumrudisha kwa Amin mwenyewe, medali zake na nini, alinitazama kama nimemwuliza bei ya vitunguu Ulaya.

"Huyo mimi sikumwona, mwanangu. Mimi niliona mlango wetu unaondoka."

Nikampigia mpwa wangu aje. Akaja, akamwamkia bibi yake, akakaa. Nikamwonyesha ile picha ya Berlin kwenye simu, nikamweleza tai, damu, ramani. Akaipenda mara moja, maana ni kijana wa mambo ya picha. Akasema angeweza kutengeneza ya Amin hivyohivyo na kuichapa kwenye fulana. Pale Makoroboi zingeenda.

Bibi akataka kuona. Akavaa miwani, akaisogeza simu karibu, akaitazama kwa muda, akauliza yale maandishi kwenye koti ni ya nini. Nikamwambia ni majina ya mahali.

"Kyaka ipo?"

"Hapana Shangazi, huyu ni wa Ulaya."

"Basi kwenye hiyo yenu muweke. Kyaka, Bunazi, Kakunyu, Minziro, Mutukula." Akageukia mjukuu. "Kakunyu unapajua?"

Mjukuu akasema hapajui. Akatoa simu atafute, bibi akamwambia aiweke chini, atamwelekeza mwenyewe. Akamwelekeza, na maelezo yakawa marefu, yana mashamba ya watu na visima na nani alioa wapi, na kijana alijaribu kukatiza akisema, kwa heshima lakini kwa ukaidi, kwamba hata hivyo Bibi, Amin alikuwa na msimamo.

"Alikuwa nao," akasema bibi. "Na sisi tulikuwa na ng'ombe kumi na wanne."

Mpwa wangu akacheka, akaona bibi hachekeshi, akanyamaza, halafu akauliza kama waliwahi kulipwa. Bibi akasema hapana, ila kama anachapa fulana, mbele aweke uso wowote autakao, mgongoni aandike deni. Akaanza kumtajia, na kijana, sijui kwa adabu au kwa biashara, akachukua kalamu: ng'ombe kumi na wanne, mbuzi hakumbuki, mabati yote ya nyumba kubwa, magunia ya kahawa ambayo ilikuwa bado haijakobolewa, godoro, milango.

"Milango mingapi, Bibi?"

"Miwili. Wa tatu uliwashinda, waliuacha kwenye migomba. Na andika cherehani, ile ya kukanyaga. Ilikuwa ya mama."